Wasomaji Wauliza: Simu Ilipataje Umbo Lake?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zinahusu simu: maumbo yake, namba zake, na hata jina lake. Nimechagua sita na kuzipanga kwa namna ambayo jibu la moja litamsaidia msomaji kulielewa jibu la inayofuata. Barua zenyewe zimefupishwa.

Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka sita aliniuliza kwa nini kitufe cha kijani cha kupokelea simu kina picha ya kitu kilichopinda kama ndizi, ilhali simu zote anazozijua ni bapa kama kigae. Nilimjibu kwamba simu za zamani zilikuwa hivyo, naye akauliza tena: kwa nini zilikuwa hivyo? Hapo nikakwama.
*Mama wa watoto watatu*

Dada yangu, swali la pili la mtoto wako ni gumu kuliko la kwanza, na usione haya kwa kukwama. Kitu hicho kilichopinda ni mkonga wa simu, na mkonga haukuzaliwa pamoja na simu. Alexander Graham Bell alipewa hataza yake nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye akamwita msaidizi wake, Thomas Watson, kupitia waya. Lakini chombo alichotumia kingewekwa mbele ya mwanao leo asingejua ni cha kazi gani. Simu za mwanzo kabisa zilizotumiwa na wateja zilikuwa na tundu moja tu, ambalo mtu alilisemea na kisha akalitegea sikio, kwa zamu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kaboni. Katika simu ya Bell, umeme ulitokana na nguvu ya sauti ya msemaji peke yake, nao ulikuwa hafifu mno. Thomas Edison na wavumbuzi wengine wa miaka hiyo wakaona kwamba mkondo wa betri ukipitishwa katika kaboni, na sauti ikawa inaigandamiza na kuiachia kaboni hiyo, mkondo huongezeka na kupungua kwa kuifuata sauti, na mazungumzo husikika mbali zaidi. Lakini chembechembe za kaboni zilikuwa na tabia ya kujikusanya upande mmoja kila kipaza sauti kilipolazwa au kugeuzwa, kwa hiyo kipaza sauti kikafungwa mahali pamoja, juu ya sanduku la ukutani au kwenye ncha ya kigingi kilichosimama mezani, na kipokea sauti kikaning'inizwa kando kwenye ndoano. Mtu aliisogelea simu kwa mdomo huku ameshikilia kipande kingine sikioni. Ukitazama picha za miaka hiyo utaona jinsi watu walivyoinama mbele ya ukuta kana kwamba wanaunong'oneza.

Kuviunganisha vipande hivyo viwili katika mpini mmoja kulileta tatizo jingine, kwani sauti iliyotoka upande wa sikio ilisafiri ndani ya mpini hadi upande wa mdomo, ikaingia tena kwenye waya, ikatoka tena sikioni, na kuzunguka hivyo hadi simu ikapiga yowe. Kampuni ya Ericsson ya Sweden ilikuwa tayari inatengeneza mikonga katika miaka ya 1880, na simu yake ya mezani ya mwaka 1892, yenye miguu minne iliyopinda, ilipendwa sana. Lakini kampuni ya Bell huko Marekani ilisubiri hadi mwaka 1927 ndipo ikawapa wateja wake mkonga, kwa kuwa ilitaka kwanza yowe hilo litulie.

Baada ya hapo ndipo wasanifu walipopata nafasi ya kuingia. Bakelaiti, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, iliweza kumiminwa katika kalibu na kutoa umbo lolote lenye mikunjo laini, jambo ambalo mbao na bati zilishindwa. Mwaka 1931 Ericsson ilitoa simu ya bakelaiti ambayo umbo lake lilichorwa na msanii wa Norway, Jean Heiberg, nayo ikaigwa kotekote. Huko Marekani, Henry Dreyfuss alishiriki kubuni simu ya Bell iliyoitwa 302 mwaka 1937, ambayo kengele yake, iliyozoea kukaa peke yake katika sanduku la ukutani, iliingizwa ndani ya kiwiliwili cha simu. Mwaka 1949 ikafuata 500, yenye mkonga uliofanywa bapa kidogo ili usiteleze mtu anapoubana kati ya bega na shavu huku mikono inaandika.

Naomba nichepuke kidogo, maana simu hiyo ya 500 ina visa vinavyonifurahisha. Wasanifu walizitoa namba ndani ya matundu ya kuzungushia na kuziweka nje, ili zionekane vizuri na zisifutwe na vidole. Kumbe watu wakawa wanazungusha polepole zaidi, kwa sababu kidole kilikosa shabaha. Mwanasaikolojia wa maabara za Bell, John Karlin, akashauri kila tundu liwekewe doa jeupe chini yake, na kasi ikarejea. Karlin huyohuyo alipoulizwa waya wa mkonga ungeweza kupunguzwa kiasi gani bila wateja kulalamika, alianza kukata kwa siri nyaya za wafanyakazi wenzake, inchi moja kila baada ya siku tatu, na inasimuliwa kwamba hakuna aliyegundua hadi futi nzima ilipokuwa imekwisha kutoweka.

Mwambie mwanao, basi, kwamba umbo la ndizi linatokana na uso wa binadamu: sikio liko juu na nyuma, mdomo uko chini na mbele, na mkonga ulipaswa kuvifikia vyote viwili kwa kulizunguka shavu.

Ndugu Mhariri, nilikuwa fundi wa redio kwa miaka mingi. Simu ya mezani tuliyokuwa nayo ilidumu zaidi ya miaka thelathini, iliangushwa mara zisizohesabika, na hata umeme ulipokatika ilifanya kazi. Simu ninayotumia sasa imechoka kabla ya kufikisha miaka mitatu. Je, mafundi wa zamani walikuwa waaminifu kuliko wa sasa?
*Fundi mstaafu*

Shikamoo Mzee. Kuhusu umeme, nadhani jibu unalijua vizuri kuliko mimi. Simu za awali zilikuwa na betri zao wenyewe, pamoja na mkono wa kuzungusha ili kengele ya upande wa pili ilie. Baadaye betri hizo zilihamishiwa kwenye kituo cha simu, na tangu hapo waya uleule ulioleta sauti ukawa unaleta pia umeme wa takriban volti 48, ambao kituo kiliulinda kwa betri kubwa zake chenyewe. Nyumba ikiwa gizani, simu haikuwa na habari.

Kuhusu uimara, sidhani kama suala ni uaminifu. Katika nchi nyingi, mteja hakuwa mmiliki wa simu iliyokaa mezani kwake. Ilikuwa mali ya kampuni au shirika la posta na simu, naye aliikodi pamoja na laini. Simu ilipoharibika, gharama ya kumtuma fundi iliiangukia kampuni au shirika hilo. Mwenye kubeba gharama hiyo huweka plastiki nene, skrubu zinazofunguka, na kengele za shaba, tena haoni sababu ya kubadilisha umbo kila mwaka. Ndiyo maana simu ya 500 niliyoitaja hapo juu iliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Simu ya leo ni mali yako, na ikiharibika gharama ni yako pia.

Liko na jambo la pili. Simu yako ya zamani haikuwa na kitu ndani yake kinachozeeka kwa kutumika, isipokuwa gurudumu la namba na waya wa mkonga. Simu ya sasa ina betri ambayo kila ikichajiwa hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, na ina programu ambazo mtengenezaji huacha kuzihudumia baada ya muda anaouchagua yeye. La kwanza ni sheria ya kemia. La pili ni uamuzi wa kibiashara, na hapo ningekubaliana nawe ukilalamika.

Ndugu Mhariri, kazini ninashinda nikibonyeza mashine ya kukokotolea, ambayo safu yake ya juu ni 7, 8, 9. Nikishika simu, safu ya juu ni 1, 2, 3, na mara nyingi ninakosea namba. Ni nani aliyetufanyia hivi, na kwa sababu gani?
*Karani wa hesabu*

Pole sana. Ili nikujibu, sina budi kuanzia kwa mzika maiti.

Mwanzoni namba hazikuwa na kazi kubwa kwa mpigaji. Mtu aliinua kipokea sauti, opereta akaitika, akaambiwa mtu anayetakiwa, naye akachomeka waya kwenye tundu linalohusika. Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya maziko katika mji wa Kansas City, aliamini, kama inavyosimuliwa, kwamba opereta alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake, na hasira hiyo ikamfanya abuni mtambo unaounganisha simu bila binadamu kati. Alipata hataza mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana. Gurudumu la namba lilikuja miaka michache baadaye. Ukilizungusha na kuliachia, lilirudi lenyewe huku likikata mkondo wa umeme mara kadhaa: mara moja kwa 1, mara mbili kwa 2, hadi mara kumi kwa 0; na mtambo kule kituoni ulipanda hatua moja kwa kila mkato.

Kwa hiyo kila namba ilikuwa na muda wake, na muda huo ulipangiwa matumizi. Marekani ilipogawa namba za maeneo mwaka 1947, New York ilipewa 212, ambayo ni mikato mitano tu, ilhali North Dakota, jimbo lenye watu wachache, ilipewa 701, ambayo ni mikato kumi na minane. London ilipoanzisha namba ya dharura mwaka 1937 ilichagua 999. New Zealand, ambako gurudumu lilipangwa kinyume, ilichagua 111, na watu wengi hudhani ni namba tofauti kabisa. Lakini huko kuzungusha 1 kulitoa mikato tisa, kwa hiyo kwenye waya 111 yao na 999 ya London ni kitu kilekile.

Vitufe vilianza kutolewa kwa wateja tarehe 18 Novemba 1963, katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Badala ya mikato, kila kitufe kilitoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa safu yake ya mlalo na mmoja wa safu yake ya wima. Kitufe cha 1, kwa mfano, kilitoa mlio wa hezi 697 na wa hezi 1209. Miwili ilihitajika ili sauti ya mtu au mluzi usije ukadhaniwa kuwa namba. Kabla ya hapo maabara za Bell zilikuwa zimejaribu mipangilio mingi kwa watu halisi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960: kulikuwa na mipangilio ya duara mfano wa gurudumu, ya safu mbili za vitufe vitano vitano, na ya mashine za hesabu, ambazo tayari zilikuwa na mpangilio unaoujua wewe. Tofauti za kasi na makosa hazikuwa kubwa, na ule wenye 1 juu kushoto, unaofuata mwendo wa jicho katika kusoma, ndio uliochukuliwa. Nyota na alama ya reli viliongezwa mwaka 1968 kwa ajili ya kuamrisha mitambo.

Kwa hiyo hakuna aliyekukusudia wewe. Ni mafundi wa vifaa viwili waliokwenda kila mmoja njia yake, na kidole chako ndicho kinacholipa.

Ndugu Mhariri, simu za mkononi zilianza zikiwa kubwa kama tofali, zikawa ndogo hata zikatoshea kiganjani, kisha zimekuwa kubwa tena. Je, hii ni mitindo tu kama ya nguo?
*Mwanafunzi wa usanifu*

Mitindo imo, lakini si chanzo. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika barabara ya New York na kumpigia Joel Engel, mshindani wake wa maabara za Bell, akiwa ameshika simu isiyo na waya. Miaka kumi ilipita kabla ya kizazi chake kuidhinishwa kuuzwa. Simu hiyo, DynaTAC 8000X, ilikaribia uzito wa gramu 800, iliuzwa kwa dola 3,995, na betri yake iliruhusu mazungumzo ya nusu saa hivi. Sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa ya kulisha redio iliyopaswa kukifikia kituo kilicho mbali.

Kuna mambo mawili yaliyoipunguza. Kwanza, minara iliongezeka na kukaribiana, na simu iliyo karibu na mnara haina haja ya kupaza mawimbi yake. Pili, betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ambazo mwaka 2019 ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia, zilibeba umeme mwingi katika uzito mdogo. Kufikia mwaka 1996 Motorola ilikuwa inauza StarTAC yenye gramu 88.

Hapa naomba ulikumbuke jibu nililompa mama wa watoto watatu, kwa kuwa simu ilipungua lakini uso wa mtu haukupungua. StarTAC ilikunjwa, na ilipokunjuliwa ilifikia urefu unaotoka sikioni hadi karibu na mdomo. Watu waliiona ni madaha, nami naiona ni mkonga uleule wa zamani uliowekewa bawaba. Vipaza sauti vilipozidi kuwa makini na kuweza kunasa sauti kutoka kando ya shavu, kifungo hicho cha mwisho kikalegea. Antena nayo ikafichwa ndani. Nokia 3210 ya mwaka 1999 ndiyo iliyowazoesha watu wengi simu isiyo na pembe.

Laiti simu ingebaki kuwa chombo cha sikio, huenda leo tungekuwa tunaivaa kama kipuli. Lakini jicho liliingilia. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp ilitoa nchini Japani simu yenye kamera nyuma yake, na watu wakataka mahali pa kuzitazamia picha. Mwaka 2007 ikaja iPhone, ambayo kioo chake cha inchi 3.5 kilimeza vitufe vyote na kuvichora upya pale vinapohitajika. Samsung ilipotoa Galaxy Note yenye kioo cha inchi 5.3 mwaka 2011, wapo walioicheka kuwa ni sinia. Leo kipimo hicho kingehesabiwa kuwa kidogo. Ukiniuliza mimi, usanifu umepoteza kitu hapo. Umbo la mkonga lilikueleza kazi yake hata ukiwa gizani, ilhali kigae cha kioo hakikuelezi lolote hadi kiwake, tena hakuna mkono wala shavu lililofanana nacho.

Ndugu Mhariri, kwa nini ujumbe mfupi una herufi 160? Na kwa nini wakati mwingine ujumbe wangu mfupi kabisa unahesabiwa kuwa ni mbili?
*Msomaji mwenye haraka*

Nitajibu kwa haraka pia. Ujumbe mfupi husafiri katika njia ndogo ambayo simu na mnara huitumia kupashana habari zao wenyewe, na nafasi iliyopatikana humo ni baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ikipewa biti 7, zinatosha herufi 160. Ujumbe wa kwanza, uliokuwa na salamu za Krismasi, ulitumwa na Neil Papworth tarehe 3 Desemba 1992 kutoka kwenye kompyuta.

Kiswahili kina bahati hapa, kwani herufi zake zote zimo katika orodha ya herufi zinazoandikwa kwa biti 7. Tatizo lako huenda ni ritifaa. Ile iliyonyooka, katika neno kama *ng'ombe*, imo. Lakini baadhi ya simu huibadilisha zenyewe kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo, na kwa ajili ya alama hiyo moja ujumbe mzima huandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi. Nafasi hushuka hadi herufi 70.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba neno "simu" asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya. Ikiwa ni kweli, je, simu ya mkononi inastahili kuitwa simu?
*Mpenzi wa lugha*

Ni kweli, neno *sim* la Kiajemi lina maana ya waya, na sisi tulilitumia kwa telegrafu kabla ya kulihamishia kwenye chombo cha kusemea. Hiyo ina maana kwamba anayesema "simu ya waya" anasema "waya wa waya". Vivyo hivyo na "kukata simu": mkonga uliporudishwa mahali pake uliibonyeza swichi, na mkondo wa umeme ukakatika kwelikweli, ilhali leo ukigusa duara jekundu simu yako hupeleka tu taarifa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Hata hivyo nisingeharakisha kulivua jina. Mawimbi ya simu yako husafiri hewani hadi mnarani tu, na aghalabu kuanzia hapo sauti huingia ardhini. Mwaka 1956, waya wa kwanza wa simu kuvuka bahari ya Atlantiki ulibeba mazungumzo 36 kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1988 kazi hiyo imekuwa ikihamia kwenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, zilizolazwa chini ya bahari katika njia zinazofanana na zile za zamani. Ukimpigia mtu aliye ng'ambo, kipande kisicho na waya ni kile kilicho kati yako na mnara wako, na kati yake na mnara wake.